Mkono Usiofanya Kitu

Mkono mzuri wa mashine ya santuri hununuliwa ili usifanye kitu. Nayasema haya mapema kwa sababu mke wangu aliniuliza unafanya nini kabla hata sijaufungua, nikamjibu ukweli, na tangu siku hiyo ukweli huo amekuwa akiwaandalia wageni pamoja na chai. "Mume wangu kaagiza mkono kutoka Uingereza," huwaambia. "Hebu muulizeni kazi yake."

Haufanyi kitu, jamani. Mota inazungusha sinia. Sindano inasoma mfereji wa santuri. Katriji inageuza mtikisiko kuwa umeme, amplifaya inaukuza, spika zinapaza sauti mpaka jirani anajua leo ni Jumapili. Mkono umepewa jukumu la kuishika katriji hewani na kuisindikiza kutoka ukingo wa santuri mpaka karibu na lebo, bila kutetemeka, bila kukokota miguu, bila kutia neno lake. Ni kama shahidi wa ndoa: anakaa, anatazama, ananyamaza, na siku akianza kujikuna na kuchekacheka ndipo watu wanasahau bwana harusi ni yupi.

Sasa tafuta kitu kisichofanya kitu, ukilete nyumbani kwetu, ambako kila mtu ana la kufanya na wote hulifanya karibu na mashine.

Chanzo ni baba mdogo. Alipohamia kwa mwanawe Kibaha alinikabidhi santuri zake zote katika boksi la sabuni, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika: Morogoro Jazz, NUTA Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, na Wakongo wasiohesabika. Tanzania enzi hizo haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Bendi zikipiga huku, santuri zilifyatuliwa Nairobi, kisha zikavuka mpaka kurudi madukani. Kuna santuri humo ndani zilizosafiri kuliko mimi.

Pamoja na boksi ikaja redio gramu yake, na juu ya kichwa cha mkono wake kulikuwa na sarafu ya senti 50 iliyobandikwa kwa plasta ya kidonda. Ile yenye sungura. Sindano ilipoanza kuruka, miaka ya sabini huko, baba mdogo alibandika sarafu na sindano ikatulia. Aliiita dawa. Sarafu hiyo ina karibu gramu 4, na mikono ya redio gramu za wakati ule, hata kabla ya dawa, ilikuwa tayari inakandamiza gramu kadhaa. Katriji niliyonayo leo, Audio-Technica VM95E, ambayo si ya kitajiri hata kidogo, inataka gramu 2 basi. Yaani sungura peke yake, mkono ukiwa likizo, ni mzito mara mbili ya kinachotakiwa. Katika ngano zetu sungura anajulikana kwa kula jasho la wenzake. Huyu alikaa miaka na miaka mgongoni mwa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, akibebwa bure, huku akichimba.

Nilimwonyesha baba mdogo mikwaruzo. Akaigeuza santuri kwenye mwanga, akanirudishia. "Imezeeka," akasema. "Hata wewe unazeeka, na hakuna aliyekuwekea sarafu."

Mashine yenyewe niliipata kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Ni Thorens TD 160, aina iliyoanza kutoka mwaka 1972, inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, na sinia lake limekaa juu ya springi ili mitikisiko ya sakafu isilifikie. Mkono alikuwa ameshauuza kivyake. Bei ikawa nafuu kwa kuwa kila aliyekwenda kuitazama kabla yangu aliuliza nusu nyingine iko wapi.

Nikaingia sokoni kutafuta mkono, na soko lilikuwa linafunga mlango. Shure, Wamarekani ambao katriji zao kila DJ alizijua, waliacha kuzitengeneza mwaka 2018. SME wa Steyning, kusini mwa Uingereza, waliotoa mkono wao wa kwanza mwaka 1959 na kuwafanya wapenzi wa santuri wazungumze kwa kunong'ona, walitangaza mwishoni mwa 2019 kwamba hawatauza tena mkono peke yake: ukiutaka, chukua na mashine yake. Mwaka 2020 Jelco wa Japani, waliokuwa wakizitengenezea kampuni nyingine mikono bila kujitangaza, nao wakafunga kiwanda. Nikaanza kuogopa kumtazama yeyote kwa matumaini.

Mikono iliyobaki ilikuwa ya vituko. Upo mkono unaosimama juu ya ncha moja kali, beringi hamna, ukiugusa unayumba kulia na kushoto, na wenyewe wanakuambia hiyo ndiyo sifa yake. Nina watoto, nikaupita. Upo wa inchi 12, ambao usingeingia kwenye mashine wala kwenye bajeti. Upo pia usiozunguka kabisa, unateleza kwenye reli juu ya utando wa hewa inayosukumwa na pampu. Pampu, sebuleni. Nilimtazama mke wangu akikunja nguo, nikaona habari hiyo nikae nayo mwenyewe.

Nikaangukia Rega RB300 iliyokwisha kutumika. Rega ni kampuni ya Uingereza, mkono huo waliutoa mwaka 1983, na fahari yake ni kwamba bomba lake limemiminwa kwa alumini kipande kimoja, kuanzia kichwa cha katriji mpaka kwenye egemeo, kwa hiyo hakuna kiungo cha kulegea wala cha kupiga soga na muziki. Sitataja bei. Makala haya yanasomwa nyumbani.

Binamu yangu aliubeba kutoka London ndani ya soksi. Uwanja wa ndege afisa akamuuliza hiki ni nini, naye akajibu kwa uaminifu kuwa ni mkono. Wa nini? Akaeleza. Wakaitana watatu, wakaugeuza, wakaunyanyua kuukadiria uzito, na mkubwa wao akatoa uamuzi kwamba ni kipuri cha cherehani. Binamu, mtu mwenye busara, hakubishana na mtu aliyekwisha kuridhika.

Kazi ya kwanza ikawa ubao wa kuushikia. Mkono huu unafungwa kwa nati moja kubwa inayopita kwenye tundu moja, na katikati ya tundu hilo lazima pawe milimita 222 kutoka katikati ya msumari wa sinia. Nikaenda Keko, kwa mafundi samani, nikiwa na mashine mikononi na kipande cha mninga kwapani.

"Bosi, mia mbili ishirini na ngapi?"

"Na mbili."

"Basi tuseme mia mbili ishirini, tusisumbuane."

Nikamweleza kwa nini. Alinisikiliza kwa upole wa mtu anayengoja mgonjwa amalize kulalamika. "Mimi natengeneza vitanda sita kwa sita," akasema, "makochi, makabati ya jikoni. Sijaona mteja karudi hapa kwa ajili ya milimita." Futi yake ya chuma ilikuwa imekatika mwanzoni, sentimita kama tatu zimekwenda na maji, kwa hiyo alikuwa anapima halafu anatoa. Anatoa kwa kichwa. Siku hiyo, kichwani humo, kulikuwa pia na mteja mwingine aliyegombea droo. Ubao ulitoka umepigwa msasa na vanishi mpaka unaweza kuhesabu meno yako ndani yake, na tundu likawa kwenye milimita 225. Uzuri wa kazi ulinifunga mdomo. Nani agombane na mninga uliong'aa namna ile?

Hapo nieleze kwa nini milimita zinamnyima mtu usingizi, nitakuwa mfupi. Santuri mama huchongwa na mashine ambayo kichwa chake kinasogea mstari mnyoofu kutoka nje kwenda katikati. Mkono wetu unazunguka kwenye egemeo, kwa hiyo unachora upinde. Mstari na upinde hukubaliana mahali pawili tu. Kwingine kote sindano imekaa upande kidogo, inasoma kwa kukodoa jicho. Erik Löfgren wa Sweden alizipiga hesabu hizo mwaka 1938, Baerwald akazirudia kivyake mwaka 1941, na mpaka leo wengi hutumia zile sehemu mbili za Baerwald kwa santuri kubwa: milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati. Mwaka 1966 Mwingereza Stevenson akaja na pendekezo lake: sehemu ya ndani isogezwe mpaka mwisho kabisa wa muziki wa santuri kubwa, milimita 60.3. Watetezi wake husema inafaa okestra, kwa kuwa hizo humaliza kwa kishindo.

Mimi nasema inafaa Morogoro. Santuri ndogo ya 45 muziki wake unaweza kujisogeza mpaka milimita 54 kutoka katikati, karibu kulamba lebo. Mwanzoni mwa wimbo mfereji unapita chini ya sindano kwa sentimita kama 40 kwa sekunde; mwishoni ni 25 hivi, yaani sauti zilezile zimebanwa katika nafasi ndogo zaidi. Na nyimbo zetu za dansi zimejengwaje? Mwimbaji anaanza taratibu, anatoa malalamiko yake, anashauri vijana, kisha anawaachia wenye magita, nao wanawasha moto hukohuko kwenye kona mbaya. Kwa hiyo nilichagua Stevenson, bila kuomba ruhusa ya mtu. Sehemu yake ya pili, ya milimita 117, kwa santuri ndogo haina msaada wowote: inaangukia nje kabisa, juu ya mkeka wa mpira, ambako hakuna anayeimba.

Milimita tatu za Keko, basi, ziliponywa kwa kuisogeza katriji mbele kwenye nafasi za skrubu mpaka ikagota mwisho. Karatasi ya vipimo ikakubali. Ukiitazama katriji leo utadhani inataka kuruka ishuke kituo kinachofuata, lakini pembe yake ni halali.

Uzito ukafuata. RB300 ina jiwe la nyuma la kuusawazisha mkono hadi uelee, halafu ina springi yenye namba za gramu. Springi iliyotumika na watu nisiowajua sikuweza kuiamini. Nilihitaji mizani ya kusoma sehemu za gramu, na mwenye mizani hiyo ni sonara. Nikamwendea mmoja Kariakoo.

"Kaka, umeleta dhahabu gani?"

"Sina dhahabu. Nataka kupima gramu mbili."

"Gramu mbili za nini?"

"Za kukandamiza."

Akaangalia mlangoni kama nimekuja na wenzangu. Nilieleza habari ya mkono, sindano na baba mdogo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nyumbani kwangu kuna kitu cha thamani ninachokificha. Mwisho akasema mizani haitoki dukani bila yeye, na Jumapili akaja nayo mfukoni, amevaa kanzu safi.

Tukaweka mizani juu ya sinia, tukashusha sindano juu yake. Gramu 1.4. Halafu 2.6. Halafu 1.9, halafu ikawa inapanda na kushuka yenyewe huku tumeshika pumzi. Sonara ndiye aliyetazama juu. "Feni," akasema. Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, adhuhuri. Tukazima feni. Tukafunga madirisha, maana upepo wa bahari nao una uzito wake. Katika jasho lile sonara aligeuza namba ya springi nywele kwa nywele, kwa vidole vilivyozoea vito, mpaka mizani ikaandika 2.00 na kukaa. Akajifuta uso, akaitazama sindano kwa heshima. "Hapo," akasema, "ningekuuzia kipini." Alipokunywa maji na kuondoka bado alikuwa akitupa jicho kwenye makabati.

Kuna pia kidude cha pembeni cha kuuvuta mkono kwa nje. Mkono umepinda kichwani, kwa hiyo santuri ikizunguka msuguano unauburuta kuelekea katikati, na lazima pawepo nguvu ndogo ya kuuzuia. Kidude hicho kinateleza, na kwa mtoto wa miaka minne kitu kinachoteleza ni gari. Sina zaidi la kusema juu ya kidude.

Zikabaki waya. Ni nne, nyembamba kuliko uzi wa buibui aliyekosa chakula, na kila moja huvishwa kwenye kijipini nyuma ya katriji kwa kutumia kibanio cha nyusi cha mwenye nyumba. Nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Nikiwa nimekwisha kuvisha zile za kushoto akaingia jirani, fundi redio, mtu aliyezifunga spika za nusu ya daladala za njia yetu. Akanipokonya kibanio kwa upendo. Nikamwambia nyekundu inakwenda juu. Akacheka. "Moto hauwekwi juu, mzee. Utaunguza kichwa." Akavisha nyekundu mahali pa kijani na kijani mahali pa nyekundu, akafunga, akapiga makofi mawili, akakaa kungoja shukrani.

Baba mdogo alikuwa ameshafika kutoka Kibaha, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi lenye mto, watoto wamezuiwa kuruka kwa ahadi ya soda. Maana kuna hili pia: mkono na katriji kwa pamoja vina mtetemo wao wa asili, na kwa mchanganyiko wangu unaangukia mitetemo 10 hivi kwa sekunde, mahali panapotakiwa, chini ya muziki na juu ya kujikunja kwa santuri. Kanuni za vitabuni hutaka kati ya 8 na 12. Vitabu hivyo havikuandikwa na watu wenye watoto wanaoruka kamba ndani.

Nikashusha sindano. Morogoro Jazz ikaanza, na kulikuwa na kitu. Besi haikuwepo. Sauti ya Mbaraka ilisikika nyuma ya friji, kisha nyuma yetu, kisha kama inatokea jikoni kwa mlango wa pili. Baba mdogo akageuka huku na huku. "Hii bendi imekaa wapi?"

Amplifaya yangu ni ya zamani, ina kitufe cha kuunganisha kulia na kushoto kuwa kimoja. Nikakibonyeza. Muziki ukatoweka. Haukupungua: ulitoweka, gita, ngoma, mwimbaji na shida zake zote. Santuri hizi sauti yake ni moja, kulia na kushoto zinapokea kitu kilekile, na fundi alikuwa amepindua upande mmoja. Ukiziunganisha, kila wimbi linakutana na kinyume chake na yanaliwa yote. Kinachonusurika ni kile tu kisichofanana pande mbili, na kwenye santuri za baba mdogo hicho ni kimoja. Sebuleni pakajaa mikwaruzo. Krr, tak, krr, tak-tak. Tukakaa pale, watu wazima na akili zetu, tukisikiliza kazi ya sungura peke yake, bila muziki kuisumbua.

Baba mdogo alitega sikio muda mrefu. "Huyu si Mbaraka," akasema.

"Huyo ni senti hamsini, baba."

Hakunijibu. Aliomba maji.

Fundi redio alisema kosa ni la kiwanda, akakumbuka ana mteja. Nilizirudisha waya mbili mahali pake kwa kibanio, nikapitisha tena karatasi ya vipimo, nikaanza wimbo upya. Safari hii besi iliingia kwanza na kukaa sakafuni palepale inapotakiwa. Gita la ridhimu likawa linakata, ngoma nyuma yake, na Mbaraka akasimama katikati, baina ya spika mbili, karibu na kochi la mama mkwe. Mtu aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, kwenye maonyesho ya Expo 70, akafa ajalini Mombasa Januari 1979. Mikwaruzo ilikuwepo bado, ila imerudi nyuma, pembeni, mahali ambapo masikio yanaweza kuisamehe. Nilimtazama baba mdogo nikitarajia machozi, au angalau kutikisa kichwa.

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote," akasema, na kuanza kumweleza mke wangu bei ya viatu alivyokuwa akivaa kwenda dansini.

Mwimbaji akamaliza yake. Solo ikachomoza, safi, kila uzi na mahali pake, hukohuko karibu na lebo ambako Stevenson alikuwa anaingoja. Watoto wakaanza kutikisa mabega. Baba mdogo akaacha habari ya viatu, akanyanyua kidole kimoja hewani kama anayemwita mhudumu. Na hapo santuri ikaisha. Ndivyo zilivyo hizi ndogo: wimbo umekatwa vipande viwili, na magita yakianza kukolea unaambiwa geuza upande wa pili. RB300 hauinuki wenyewe. Sindano ikabaki kwenye mfereji wa mwisho, tk, tk, tk, na wote wakanitazama.

Nikainuka. Mama mkwe, ambaye tangu adhuhuri hakuwa amesema neno, akauliza kama tumemaliza kuujaribu huo mkono, kwa sababu saa mbili usiku inakaribia na yeye anataka kusikia taarifa ya habari. Nikamwomba dakika tatu za upande wa pili.

Alinipa mbili.